Siku Baba Aliposema "Wangu"

Dalali wa mahakama alifika kwenye boma letu Buswelu saa nne asubuhi, akiwa na polisi mmoja, wachunga ng'ombe wanne wa kukodi na hati yenye muhuri. Nakumbuka saa kwa sababu niliiandika. Wakati ule nilikuwa napiga taipu barua za watu kwenye kibaraza cha duka moja mjini, Mkuyuni, na kazi hiyo ilikuwa imenizoesha kuandika kila kitu: nani kasema nini, mbele ya nani, saa ngapi. Siku hiyo nilikuwa nimekuja nyumbani kumletea mama dawa ya macho. Nilikaa jikoni, mlango wazi, daftari mapajani.

Dalali alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia baba shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu, akasoma hati yote kwa sauti, kisha akanyoosha kalamu kuelekea zizini.

"Mzee, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Wangu," baba akasema.

"Wote?"

"Wanalala kwangu. Ni wangu."

Dalali akahesabu, akaandika: ng'ombe kumi na wanne, rangi mchanganyiko. Baba akatia saini. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama baba kama mtu anayemwona mwenzake akijimwagia maji ya moto, kisha akarudi jikoni. Mimi niliandika jibu la baba daftarini. Kati ya wale kumi na wanne, wa baba walikuwa watatu.

Asiyefuga kwa desturi yetu atauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu ajiangamize kwa neno moja. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa, wawili kwa shemeji, watatu kwa rafiki, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize. Anayetunza anakunywa maziwa, anatumia samadi, na baada ya miaka anapewa ndama wake. Sharti ni kwamba hatangazi. Wazee waliwaficha ng'ombe wao hivyo zamani za kodi, na kodi ilipoondoka wakaendelea kuwaficha wasionekane na ndugu, wake na majirani. Mgeni akikuuliza hawa ng'ombe ni wa nani, unasema wangu. Baba alikuwa akijibu hivyo tangu anachunga kwa babu. Akamjibu hivyo na dalali.

Waliwaswaga kwa miguu kuelekea barabara ya Nyakato. Baba alisimama kwenye mlango wa zizi tupu mpaka vumbi likatulia. Kisha akaingia ndani, akalala uso ukutani, na kesho yake hakutoka kitandani. Nilijua kilichomlaza. Watatu wake wakiuzwa angeumia, na siku moja angepona. Lakini wale kumi na mmoja waliletwa kwake bila karatasi, kwa sababu tu yeye ni yeye. Wakiuzwa, hakuna ambaye angemwachia hata kuku amtunzie. Mnada ulipangwa baada ya siku kumi na nne.

Sasa niseme deni kwa ufupi, na mdai kwa urefu anaostahili.

Baba alikuwa mpimaji wa pamba wa chama cha ushirika. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, ushirika ukayumba, na baba akapunguzwa kazini. Mjini wakati huo watu walikuwa wanatajirika kwa sangara, wale samaki wakubwa wa ziwani. Rafiki yake wa utotoni, waliyechunga pamoja, alikuwa na ghala Igogo, anauza nyavu na injini za mitumbwi. Alimkopesha baba injini na nyavu akusanye samaki visiwani apeleke viwandani. Injini ikaibwa kabla haijamaliza msimu. Deni lilikuwa la kweli. Sijawahi kulikana na silikani hapa.

Nisichosamehe ni habari ya karatasi ya wito. Ilipomfikia baba, aliibeba hadi Igogo kumwonyesha rafiki yake, nami nikaongozana naye. Yule mtu, ambaye nilimwita baba mdogo tangu nijue kusema, alicheka sana. Akaikunja ile karatasi taratibu, kingo kwa kingo, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Kaka, hii isikunyime usingizi. Ni ya kuwanyamazisha wenzangu tunaoshirikiana kwenye biashara. Wewe usimame mahakamani kubishana na mimi? Sisi tuliokula sahani moja? Kaa nyumbani. Tutayamaliza."

Baba akakaa nyumbani. Siku ya kesi baba mdogo alikwenda peke yake, akaapa kwamba mdaiwa amepata wito na amedharau mahakama, akapewa hukumu ya upande mmoja. Sisi tulijua siku dalali alipokuja. Kila nilipofumba macho baada ya hapo niliona vidole vyake vikikunja karatasi.

Nilikuwa nimewahi kupiga taipu maombi ya pingamizi, tena zaidi ya mara moja. Nilijua kwamba mali ya mtu ikikamatwa kwa deni la mwingine, mwenye mali akijitokeza kabla ya mnada, mahakama itamsikiliza. Lakini lazima ajitokeze mwenyewe, kwa jina lake, na aseme hadharani kitu ambacho desturi yetu yote ilitengenezwa kisisemwe.

Nikaketi kwenye kitanda cha baba na daftari.

"Baba, nitajie wenye ng'ombe."

"Siwezi kutaja."

"Basi nitataja mimi. Nikikosea, wewe kohoa."

Nikaanza. Nilikuwa nimekua na ng'ombe wale, nilimjua kila mmoja kwa rangi na pembe, lakini wenyewe niliwajua kwa kubahatisha, kutokana na wageni waliokuja kunywa maziwa na kupita zizini bila sababu. Alikohoa mara nne, na kila mara nilifuta nikaandika upya. Mwishowe orodha ikasimama: watatu wake, wanne wa shangazi, yaani dada yake mkubwa, wawili wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Wakabaki watano, wekundu wote, sikio la kushoto limepasuliwa mara mbili.

"Hawa ni wa bibi wa Kisesa," nikasema.

Baba hakukohoa. Bibi wa Kisesa alikuwa mama mzazi wa baba mdogo.

"Baba mdogo mwenyewe anajua?"

"Aliondoka nyumbani mapema. Baba yake aliwaleta kwa babu yako alipoanza kuugua. Mama yake hakumwambia kamwe."

"Kwa nini?"

"Angewauza." Akageuka, mara ya kwanza tangu jana yake. "Nenda Igogo leo hii, ukamwambie pembeni. Akijua ng'ombe wa mama yake wamo, atawarudisha wote kwa aibu, na mambo yataisha kimya kimya."

Nilikwenda nikiwa nimekusudia kumtii.

Ng'ombe walikuwa wamefungiwa uani kwa baba mdogo mwenyewe, nyuma ya ghala, maana hakutaka kulipia zizi la watu. Walisimama wamebanana kati ya masanduku matupu ya injini na marundo ya nyavu. Nje ya ukuta akina mama waliuza mapanki, yale mabaki ya samaki yanayotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa, na inzi wao walikuwa wamehamia machoni mwa ng'ombe. Baba mdogo alikuwa anakunywa chai na dalali kivulini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mpiga taipu wetu! Umekuja kuwaaga?"

Wapagazi wa ghala wakacheka. Nikasema nina neno la kumwambia pembeni.

"Pembeni ya nini? Hapa hakuna mgeni, sema. Au kaka amekutuma uniombee siku? Mwambie zile siku za kuweka kidole kwenye mizani ya ushirika zimekwisha. Sasa hivi kila mtu anapimwa kwa alichonacho."

Baba yangu hakuwahi kuweka kidole kwenye mizani. Kuna watu walimchukia kazini kwa sababu hiyo, na yule mtu alilijua hilo kuliko mimi.

Akainuka na kikombe chake, akapita katikati ya ng'ombe, akasimama kwa yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Akamsukuma ubavuni kwa ncha ya kiatu.

"Huyu wa pembe moja hafiki mnadani. Jumamosi nina wageni wa kiwandani. Nitawapikia supu."

"Bosi, huyo yuko kwenye orodha," dalali akasema.

"Orodha yako si imeandikwa rangi mchanganyiko? Hesabu ikitimia, nani atajua?" Kisha akanitazama mimi, akaona uso wangu. "Vipi, ana undugu na wewe?"

Sikio lililopasuliwa lilikuwa karibu na mkono wake, angeweza kuliegemezea kikombe.

"Hapana, baba mdogo," nikasema. "Hana undugu na mimi."

Nikamuaga vizuri. Nilipofika nyumbani baba alikuwa ameketi kitandani, ananisubiri.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amekataa. Amesema mahakama ni mahakama."

Baba akaniangalia muda mrefu. Kisha akashusha miguu, akaomba maji ya kunawa uso.

Niliyatumia majuma mawili yale kama mtu mwenye kazi ya mshahara. Nilianza na shangazi, aliyenisikiliza nusu tu kabla hajaanza kutafuta viatu. Nikaenda kwa mwalimu, akanivuta nyuma ya choo cha shule.

"Binti, mke wangu anajua nina mshahara tu. Kaka zake wanajua nina mshahara tu. Unataka nisimame mahakamani niseme nina ng'ombe?"

"Wawili, mwalimu. Wakiuzwa huna hata hao."

"Andika wamekufa."

Wa mwisho alikuwa bibi. Nilimkuta kwake Kisesa anaanika michembe kwenye mwamba nyuma ya nyumba, vipande vya viazi vimejaa jiwe zima. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamsimulia kwa mpangilio: wito, karatasi kukunjwa, dalali, ua wa Igogo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye supu, mikono yake ikasimama.

"Yupi?"

"Wa pembe moja."

"Mimi nilipomzaa huyo mtu sikuwa na maziwa," akasema. "Alinyonyeshwa kwa maziwa ya bibi wa bibi wa huyo ng'ombe. Kwa kibuyu. Amemchinja?"

"Bado. Dalali anaogopa. Lakini amesema Jumamosi."

Hapo nilisema zaidi ya nilichoulizwa. Nilimwambia na kile kiatu ubavuni.

"Kwa nini hukumwambia ni wa kwangu?" akauliza.

Yeye sikumdanganya. "Nataka akaambiwe mbele ya watu, bibi."

Akageuza vipande vya viazi safu nzima, kimoja kimoja.

"Nitamwaibisha mwanangu."

"Ndiyo, bibi."

"Tena mbele ya watu wake wa mjini."

"Ndiyo."

Akafika mwisho wa safu. "Kesi yenu ni lini?"

Ile ya Jumamosi niliimaliza kwa barua. Niliipiga taipu usiku huo huo nikampelekea dalali asubuhi, kwa adabu yake ile ile, nikimkumbusha kwamba pingamizi mbili zinafikishwa mahakamani asubuhi hiyo hiyo na kwamba ng'ombe mmoja akipungua, jina litakaloulizwa ni lake. Majina ya waleta pingamizi sikuyaandika. Wageni wa kiwandani walikula samaki.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi manne. Hakimu alikuwa kijana Mhaya, mtoto wa migomba na kahawa, na pembeni yake wakakaa washauri wawili, wazee wa Kisukuma. Baba mdogo alikuja na suti. Baba alikuja na shati lake la ushirika, lililopigwa pasi na mama kwa hasira. Shangazi na bibi waliketi benchi la nyuma, bibi amejitanda khanga mpaka machoni. Mwalimu hakuja.

Hakimu akaanza na baba.

"Hati ya dalali inasema ulikiri ng'ombe wote ni wako. Ulimdanganya ofisa wa mahakama?"

"Sikumdanganya, mheshimiwa. Aliniuliza kama mgeni."

Mabenchi yakacheka. Hakimu hakucheka, alitazama washauri wake. Mmoja wao akainama akamnong'oneza kwa muda, na niliona kalamu ya hakimu ikianza kuandika, ikasimama, ikaandika tena.

"Kwa hiyo huku," akasema polepole, "mtu akiulizwa na mgeni, jibu ni moja siku zote."

"Siku zote, mheshimiwa," mshauri akasema kwa sauti.

Baba mdogo akasimama. "Mheshimiwa, huo ni ujanja. Desturi inaletwa hapa kukwepa deni. Hao wenye ng'ombe ni akina nani? Wajitokeze tuwaone."

Nilikuwa nimengoja neno hilo siku kumi. Nilikuwa sijathubutu hata kuota kwamba atalisema mwenyewe.

Karani akaita mleta pingamizi wa kwanza. Shangazi akasimama, akataja ng'ombe wake wanne, mama zao na magonjwa yao, mpaka hakimu akamwomba apunguze. Karani akaita wa pili. Bibi akashusha khanga.

Baba mdogo alimtazama mama yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akamtazama karani, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi. Mimi sikuangalia pembeni.

Hakimu akaamua kuwaona ng'ombe wenyewe. Kutoka pale mpaka Igogo si mbali. Tukatembea, mahakama nzima, na watu wa njiani wakajiunga kwa kudhani kuna msiba au harusi. Wapagazi walipanda ukutani. Akina mama wa mapanki waliacha biashara. Bibi akaingia uani, na bila kuelekezwa akaenda kwa yule wa pembe moja, akamshika sikio la kushoto, akalifungua kwa vidole viwili ili hakimu aone. Akasema kwa Kisukuma, karani akatafsiri.

"Anasema hii ndiyo alama ya nyumba ya mume wake. Anasema mume wake alipokuwa akikata, kulikuwa na mtoto aliyekuwa anawashika ng'ombe masikio. Anasema mtoto huyo yupo hapa, aulizwe."

Hakimu akageuka. "Unaijua alama hii?"

Baba mdogo akalitazama lile sikio. Jasho lilikuwa limetoka kwenye kola ya suti.

"Nakuuliza wewe mdai. Ni alama ya ng'ombe wa baba yako?"

"Ndiyo."

"Sikusikia."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Bibi akasema tena jambo, fupi. Wote waliojua Kisukuma pale uani waliangua kicheko, wapagazi nusura waanguke. Karani aliinamisha kichwa.

"Tafsiri," hakimu akasema.

"Anauliza, mheshimiwa… anauliza supu ilikuwa ya siku gani."

Sijawahi, kabla wala baada, kuona mtu akipungua urefu akiwa amesimama. Nililitazama jambo hilo kwa utulivu, kuanzia viatu mpaka kichwani, nikalihifadhi. Ningali nalo.

Uamuzi ulisomwa siku mbili kabla ya mnada. Ng'ombe tisa waliachiwa. Watatu wa baba waliuzwa, na wawili wa mwalimu wakauzwa pamoja nao kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kuwadai. Deni lililobaki nilisaidia kulimaliza kwa taipu. Mwalimu alikuja Buswelu mwezi uliofuata akilalamika kwamba baba amempotezea mali, na baba, bila kubishana, alimlipa kwa ndama, mmoja kisha mwingine, ilichukua miaka. Huyo naye yumo kwenye daftari langu.

Najua pia lile ambalo msomaji ameshaliona. Kama ningemwambia baba mdogo pembeni siku ile, wote kumi na wanne wangerudi. Niliuza ng'ombe watano, watatu wakiwa wa baba yangu, ili nione uso mmoja. Nimejiuliza mara nyingi kama najuta, na kila mara nakumbuka ile karatasi ikikunjwa, kingo kwa kingo.

Siku ya kuwachukua, baba mdogo alijitokeza mlangoni mwa ghala, bila suti.

"Mama, wako waache. Nitawajengea zizi hapa hapa, zuri, la saruji."

"Wewe?" bibi akasema.

Kisha akamgeukia baba. "Warudi walikokuwa."

Tukawaswaga, baba na mimi na mchungaji mmoja. Shangazi alitangulia kwa basi kwenda kumwambia mama. Baba alitembea nyuma ya wale tisa, mgongo wake umenyooka kama zamani alipokuwa akirudi kutoka kituo cha kupimia pamba. Tulipopita Nyakato, mtu mmoja aliyekuwa anauza vipuri vya baiskeli alituita.

"Mzee! Ng'ombe wazuri hao. Wa nani?"

"Wangu," baba akasema.

Nilimtazama, nikataka kumkemea, nikashindwa. Tukaendelea. Njia ya Buswelu ilikuwa imekauka, na yule wa pembe moja alikuwa mbele, anaijua. Tulipoanza kuyaona mawe ya nyumbani, baba akapunguza mwendo.

"Siku ile nilipokutuma Igogo," akasema, bila kugeuka. "Ulimwambia kweli?"

"Nilimwambia, baba. Akakataa."

Baba akakohoa.

Mara zote nne alizokohoa kitandani nilikuwa nimefuta nikaandika upya. Safari hii nilitembea nyuma ya ng'ombe, na sikufuta.